Vitambaa vya Jumamosi

Kituo cha Askari wa Wanyama,
Mambrui.
2 Julai 1986

Mzee wangu Thuku,

Shikamoo. Mwili mzima, nashukuru, ila kichwa kimechoka kwa kufikiri, na aliyenichosha ni ule mtutu mpya ulionifungia kwenye bunduki mwezi uliopita hapo karakanani Kilifi. Sisi huku twauita kasiba, lakini nitakufuata wewe, maana fundi ndiye mwenye haki ya kutaja jina.

Nimefanya kila ulilonieleza siku uliponikabidhi. Nilikwenda kwenye machuguu ya mchanga kaskazini ya mji, nikabandika karatasi kwenye boksi la sabuni, nikapiga risasi moja. Nikangoja chuma kipoe. Nikapitisha brashi ya shaba na ile dawa yako inukayo mkojo wa punda, kisha vitambaa, kimoja baada ya kingine, mpaka kikatoka cheupe. Risasi nyingine, vitambaa tena. Mwanzo vilitoka na rangi ya samawati, kama ulivyosema vitatoka, kwa kuwa mtutu mpya una makwaruzo ndani yanayoikwangua shaba ya risasi. Kila siku samawati ikawa inapungua, nami nikafurahi kwamba chuma kinalainika.

Ajabu ni hii. Jumanne matundu yalikaa pamoja hata ningeyafunika kwa kiganja. Jumamosi, bunduki ni hiyo hiyo, risasi ni za boksi lile lile, na mpigaji ni mimi huyu huyu, tundu la kwanza likaenda kushoto, la pili juu, na la tatu sikuliona popote, nafikiri liko njiani kwenda Somalia. Nikasafisha, nikapiga tena na tena, ikatulia. Jumanne iliyofuata ni tulivu kama maji ya mtungi. Jumamosi, wazimu umerudi. Mzee wangu, chuma chajuaje siku?

Nacheka nikiandika, lakini wajua kwa nini naogopa. Mwenzangu Kombe, aliyekuwa mkuu wa kituo hiki kabla yangu, alimpiga kiboko wa mto Sabaki kwa bunduki hii mwaka jana, mtutu wa zamani ukiwa umekwisha kuliwa na chumvi. Risasi ikapita kando, ikamchana begani tu, naye kiboko akamgeukia. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba Kombe. Sasa kiboko yule amerudi na kovu lake. Mchana yuko mtoni, jua likizama yuko kwenye mahindi ya watu. Mzee Kaingu, aliyehama Jilore akaja kulima huku kando ya mto, alala shambani kwake na debe la kupigia kelele, na anauliza kila asubuhi ninangoja nini. Nangoja bunduki. Mnyama mwenye kisasi siwezi kumwendea na chuma nisichojua kitapiga wapi.

Mke wangu Mwanasiti akuamkia. Ndiye atakayeipeleka barua hii posta Malindi, maana mimi siruhusiwi kukiacha kituo peke yake.

Wako mtiifu,
Mahadhi


Karakana, Kilifi.
7 Julai 1986

Bwana Mahadhi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Katika miaka yangu yote ya kufunga mitutu nimeona chuma kilichochoka, kilichopinda, kilichotiwa mchanga na watoto. Chuma chenye kalenda sijakiona.

Kwanza nikwambie ukweli ambao mafundi hawapendi kuusema. Wako wenzangu wanaosema mambo haya ya risasi moja na kitambaa ni imani tu, kwamba mtutu mzuri ni mzuri tangu kiwandani, na mbaya huwezi kuubembeleza. Mimi sijui nani yuko sawa. Ninachojua ni kuwa mtutu uliosafishwa hivyo mwanzoni hushika uchafu kidogo baadaye, na mtu aliyeusafisha anaufahamu. Kwa hiyo endelea.

Sasa maswali, na unijibu yote, hata yale utakayoona ni ya kitoto. Ufito wa kusafishia unauingiza kwa nyuma, au unaingilia mdomoni? Ukiingilia mdomoni utaukwangua, na risasi inayotoka kwenye mdomo uliokwanguliwa huchagua njia yake. Mafuta unayopaka mwisho ni yale niliyokupa, au umeanza kutia mafuta ya nazi kama watu wa huko mnavyotia kila kitu? Kabla ya kupiga, unayakausha? Bunduki inalala wapi, na nani mwenye ufunguo?

Halafu fanya hivi. Jumanne kabla ya risasi ya kwanza pitisha kitambaa kimoja kikavu, ukikunje, uandike siku. Jumamosi fanya vivyo hivyo. Niletee vyote viwili ndani ya bahasha. Mtu anaweza kunidanganya, na barua inaweza kunidanganya, lakini kitambaa kilichopita ndani ya mtutu sijawahi kukiona kikidanganya.

Na huyo kiboko usimwendee. Mwambie Kaingu ni mimi niliyekataza.

Thuku
Fundi wa silaha


Mambrui.
13 Julai 1986

Mzee wangu Thuku,

Shikamoo tena. Nakujibu kwa mpango uliouliza. Ufito naingiza kwa nyuma. Mafuta ni yako, na ya nazi tunatia kwenye wali na nywele, bunduki hatujaipikia bado. Kabla ya kupiga nayakausha. Bunduki yalala katika kabati la chuma lililopigiliwa ukutani chumbani mwetu, kwa kuwa kituo hiki hakina chumba cha silaha. Ufunguo u mfukoni mwa suruali yangu ya kazi, na suruali naivua pale tu ninapovaa kanzu kwenda msikitini.

Vitambaa ndivyo hivyo viwili. Cha Jumanne ni cheupe, labda kina samawati kidogo ukikiangalia juani. Cha Jumamosi, tazama mwenyewe. Ni cha rangi ya kahawia, na kina utando unaonata vidoleni kama asali iliyokaa. Sikuwa nimeyaona haya kabla, kwa sababu nilikuwa nikipiga kwanza na kusafisha baadaye, na risasi zenyewe zilikuwa zikiufagia. Dawa yako ya mkojo wa punda haiuondoi. Yapita juu yake tu.

Lakini Mzee Thuku, niliusafisha mtutu Jumanne jioni kwa mikono yangu. Nikautazama kwa mwanga wa dirisha, uking'aa kama kioo. Nikaufungia. Kati ya Jumanne na Jumamosi hapakupigwa risasi hata moja. Utando umetoka wapi? Chuma chatoa jasho? Nimejaribu kunusa, sikusikia kitu, lakini pua yangu imezaliwa Mambrui na haioni ajabu kwa lolote.

Juzi kiboko aliingia kwa Kaingu akala nusu ya shamba na kuvunja dungu la kulindia. Mwanawe Jaha alikuwa juu ya dungu lile muda mchache kabla yake, alishuka kwenda kunywa maji. Kaingu hakuniuliza tena nangoja nini. Alikuja, akanitazama, akaenda zake, na hilo limenichoma kuliko maneno.

Mahadhi


Karakana, Kilifi.
18 Julai 1986

Bwana Mahadhi,

Nimekinusa kitambaa chako. Kinanuka kanisa.

Usicheke. Mimi ni Mkatoliki, nikiwa mdogo huko kwetu Murang'a nilimshikia padri chetezo, na harufu ile ikikuingia utotoni haikutoki. Nikadhani pua yangu imezeeka, nikampa Mueni, karani wetu anayepiga chapa, naye hakuambiwa kitu. Akafumba macho akasema, Pasaka. Kisha nikakidondoshea spiriti ya taa, ule utando ukayeyuka mara moja. Mafuta hayafanyi hivyo, na baruti haifanyi hivyo. Huo ni utomvu wa mti uliochomwa, na ndani yake kuna kitu kitamu kilichoungua, kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

Sasa nieleze. Hapo kituoni jirani yako ni padri? Kwa nini mtutu wangu unakwenda misa kati ya Jumanne na Jumamosi?

Nitasema bila kuzunguka. Kuna mtu anayelifungua kabati lako na kuuingiza moshi ndani ya mtutu. Sijui ni kwa ujinga au kwa ubaya. Unajua wenyewe mnavyosema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtafute mtu huyo na umfukuze, na umwambie kutoka kwangu kwamba anachofanya ni kukuua taratibu, kama alivyouawa Kombe, kwa risasi inayopita kando.

Thuku


Mambrui.
22 Julai 1986

Mzee wangu Thuku,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeifikiria sana. Mambrui hakuna padri, na kanisa la karibu liko ng'ambo ya mto. Naona huenda ni hewa ya kusi, ambayo mwaka huu ina unyevu mwingi, ikachanganyika na mafuta ya zamani yaliyobaki kwenye mbao. Usihangaike nalo zaidi. Nitaendelea kusafisha, na kwa kiboko sijaenda.

Mahadhi


Mambrui.
24 Julai 1986

Kwa Mzee Thuku,

Shikamoo. Hunijui kwa sura, nami sikujui ila kwa hati yako, ambayo ni mbaya mno kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Mimi ni Mwanasiti, mke wa Mahadhi. Barua yako ya tarehe kumi na nane niliikuta juu ya meza imefunguliwa. Mume wangu ni mtu wa kufungia hata risiti ya mafuta ya taa, siku ile alisahau. Nikaisoma yote, pamoja na pale palipoandikwa kikulacho ki nguoni mwako.

Aliye nguoni ni mimi.

Nikueleze, kisha unihukumu. Walipomleta Kombe, bunduki iliegemezwa mlangoni kwangu ikiwa na matope ya mto na mengine yasiyokuwa matope. Baadaye, Mahadhi alipokabidhiwa kituo, wakaifuta, wakaifungia katika kabati la chumbani mwetu, kichwani pa kitanda changu. Wewe umeifungia mtutu mpya, ahsante. Lakini mbao ni zile zile, na pale Kombe alipozoea kushika pameng'aa, nami nalala nazo. Mahadhi hulala akakoroma. Mimi husikia mto.

Kwetu, usiku wa kuamkia Ijumaa nyumba hufukizwa ubani. Mama yangu alifanya, na bibi yake mama. Basi kila Alhamisi jioni, Mahadhi akivua suruali ya kazi na kwenda msikitini kuswali magharibi, nachukua ufunguo. Naifungua bunduki kwa nyuma kama nimwonavyo akifanya, naweka mdomo wake juu ya chetezo, na moshi waingia chini watokea juu kama kwenye bomba la jiko. Naomba dua humo. Natia ubani, na juu yake udi wa kupika, wenye sukari, ule wa sanduku langu la arusi, kwa sababu sikutaka kumwombea mume wangu kwa kitu cha rahisi.

Sasa nina maswali mzee wangu, na kuuliza si ujinga. Ni kweli moshi, ambao hata mkononi haushikiki, waweza kupotosha risasi inayovunja mfupa wa kiboko? Na la pili. Wewe mwenyewe umemwandikia kwamba risasi moja na kitambaa, risasi moja na kitambaa, hujui kama yasaidia, lakini wayafanya. Hiyo barua nayo nimeisoma. Basi chetezo changu na kitambaa chako vina tofauti gani?

Nataka kuacha ikiwa ni kweli. Lakini nikiacha, Alhamisi itakapofika nitafanya nini na mikono yangu?

Usimwambie Mahadhi. Akijua kwamba mkono uliokuwa ukiipoteza risasi ni wangu, hatanilaumu hata kidogo, na hilo sitaliweza. Ukinijibu, andika kwa anwani ya duka la Gharib hapa Mambrui, ni ami yangu, atanipa mkononi.

Mwanasiti


Karakana, Kilifi.
28 Julai 1986

Kwa Mama Mwanasiti,

Marahaba. Nimeona haya kwa maneno niliyoyaandika. Nilidhani namwandikia mtu mmoja.

Nakujibu swali la kwanza. Moshi ukiwa hewani hauwezi kitu. Ukigusa chuma baridi unageuka. Ubani unakuwa gundi, na sukari ya udi wako inakuwa gundi zaidi, tena inavuta unyevu wa bahari, na baada ya gundi itafuata kutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi ili iende sawa. Risasi ikikuta mfereji mmoja una utando na wa pili hauna, inashikwa huku na kuachiwa kule, inatoka ikiyumba. Za kwanza hufagia njia, za baadaye hutulia. Kwenye boksi la sabuni hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa kiboko hakuna risasi za baadaye, iko ya kwanza tu.

Swali la pili lilinikosesha raha kwa siku nzima. Mueni aliniuliza kama naumwa. Jibu langu ni hili, na si kubwa. Tofauti yetu ni lile boksi la sabuni. Mimi nikikosea, karatasi inanionyesha tundu nilipokosea, na kesho yake nabadilisha. Wewe ukikosea, anayekuonyesha ni kiboko. Juu ya dua yenyewe sina neno, siyo kazi yangu. Marehemu mke wangu Monicah alitia rozari katika sanduku langu la vifaa, na iko humo mpaka leo chini ya tupa, haijanidhuru wala sijaitoa.

Kuhusu mikono yako. Sheria hairuhusu raia kugusa bunduki ya serikali, kwa hiyo barua hii sikuiandika. Alhamisi ijayo, badala ya kuwasha makaa, chukua spiriti na kitambaa safi cha pamba, kisiwe cha kanga mpya maana hutoa rangi. Hakikisha kwanza hakuna risasi ndani, tazama kwa jicho na utie kidole. Ingiza ufito kwa nyuma, kamwe usiingilie mdomoni. Sukuma moja kwa moja mpaka utokeze, toa kitambaa, rudisha ufito mtupu. Usikirudishe kitambaa kichafu ndani. Tia kipya. Endelea mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia, kisha kimoja kikavu, kisha mafuta kidogo sana, tone la machozi. Yeye atayakausha mwenyewe kabla ya kupiga.

Dua isome unaposukuma. Chuma hakiharibiki kwa maneno.

Na nguo zake za kwendea mtoni usizifukize pia. Kiboko haoni vizuri, lakini pua anayo.

Thuku


Mambrui.
6 Agosti 1986

Kwa Mzee Thuku,

Shikamoo. Nimefanya, Alhamisi iliyopita. Kitambaa cha kwanza kilitoka kama kilichofutiwa sufuria ya halua, nikaona aibu peke yangu chumbani. Nilizidi kusukuma, na kila kitambaa nikakisomea. Mwanzo nilikuwa nasoma kwa haraka ili nimalize kabla watu hawajatoka msikitini. Baadaye nikapunguza mwendo, kwa sababu niliona ninapokwenda pole ndivyo kinavyotoka na uchafu mwingi. Cha mwisho kilitoka cheupe. Nilikishika nikakitazama kwenye taa. Sijui kama umewahi kuona kitu cheupe kikakutoa machozi, labda mafundi mmeshazoea.

Jumamosi alirudi kutoka machuguuni na boksi la sabuni akaliweka mezani. Matundu yote yangefunikwa kwa kikombe cha kahawa. Nikamwekea chakula kando yake. Jana Jumanne vivyo hivyo.

Sasa amesema atakwenda Jumamosi hii alfajiri. Mzee Kaingu amechoka kulala na debe, na kiboko juzi alimfuata mtu hadi kwenye barabara. Kesho Alhamisi nitausafisha tena mtutu, japokuwa naujua ni safi, kwa sababu sijui kingine cha kufanya.

Nikwambie wazi ninavyohisi. Naogopa. Nilipokuwa na chetezo niliogopa, lakini nilikuwa na wa kumtegemea asiyekosea. Sasa nimekutegemea wewe pamoja naye, nawe ni mwanadamu wa Kilifi mwenye hati mbaya. Ukiwa umenielekeza vibaya, sitakuwa na mume, na sitakuwa na uso wa kuulaumu ila wako, nao siujui.

Mwanasiti


Mambrui.
11 Agosti 1986

Mzee wangu Thuku,

Shikamoo. Kiboko amekufa, nami nakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kama uonavyo.

Nilitoka Jumamosi kabla ya adhana. Kaingu alinipeleka hadi ukingo wa shamba kisha nikamwomba abaki nyuma. Upepo ulikuwa ukija kutoka upande wake kiboko, nikamsikia akitafuna kabla sijamwona. Nikangoja kupambazuke. Alipokata njia kurudi mtoni nilikuwa nimeikalia njia yake, naye akasimama, akageuza kichwa, na kovu la Kombe nikaliona begani. Tulitazamana. Nilidhani nitaogopa wakati huo, lakini woga wangu wote nilikuwa nimeshautumia kwa mtutu, na mtutu sasa nilikuwa naujua. Nilipiga risasi moja. Akapiga magoti kama ng'ombe anayelala, kisha akalala kweli.

Kaingu alikuja akanishika mkono, asiuachie. Watu walitoka mashamba ya jirani na visu na mabeseni, na kufika adhuhuri hapakuwa na kiboko, palikuwa na majani yaliyolala tu. Nilimtuma mtu kwa mjane wa Kombe akampe habari. Amejibu kwamba sasa atahama chumba cha nyuma, alichohamia ili asisikie mto.

Sasa nikwambie nililokuficha. Ile barua ya hewa ya kusi ilikuwa ni uongo. Uliponiandikia kuwa kitambaa kinanuka kanisa nilicheka peke yangu barazani, kisha nikaacha kucheka. Nyumba yangu yote yanuka hivyo kila Alhamisi, ndiyo maana pua haikuniambia kitu. Nikaenda kwenye kabati, na chini yake nikaona majivu kidogo, yamefagiliwa lakini si yote.

Ningemwambia neno moja angeacha siku hiyo hiyo. Lakini tangu Kombe afe Mwanasiti halali. Hulala kimya ili nidhani amelala, nami hukoroma ili adhani nimelala. Usiku mmoja tu katika wiki humsikia pumzi zake zikitulia, nao ni ule wa kuamkia Ijumaa, akiwa amekwisha kufukiza. Ningemwambia kwamba kile kimpacho usingizi ndicho kitakachoniua, ningembakishia nini? Na nisipomwambia, ningekwenda mtoni na gundi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, najua, na mimi nilimchelea mtu mzima. Sikuwa na ujasiri wa kusema. Basi barua yako nikaiacha mezani imefunguliwa, nikaenda kukagua mto ambao haukuhitaji kukaguliwa.

Sijui mliandikiana nini, na sitauliza. Alhamisi iliyopita niliondoka msikitini mapema, jambo nisilolifanya. Nikamwona kupitia dirisha. Amekaa juu ya mkeka, bunduki mapajani, vitambaa vimepangwa kando yake, anasukuma ufito polepole na midomo yake inacheza. Wewe ulinifundisha kazi ile, na mimi sijawahi kuifanya vizuri namna ile. Nikarudi kwenye baraza ya msikiti nikakaa mpaka isha ikasaliwa, nikaingia nyumbani nikikohoa tangu njiani ili apate nafasi ya kufunga kabati.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie kwamba najua. Amekuwa akinilinda kwa siri, na siri hiyo ni mali yake, sitaki imtoke mkononi.

Mwanao,
Mahadhi

Mzee wangu Thuku, hii ni hati ya Mwanasiti. Barua za nyumba hii nazipeleka posta mimi, na gundi ya bahasha za ami Gharib haishiki. Nimesoma yote, hadi pale pa kukoroma. Nakuomba nami, usimwambie kwamba najua anajua. Usiku wa kuamkia leo Jumatatu sikufukiza kitu, na nililala mpaka yeye akaniamsha.